Msichana wa Meno ya Juu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nilipewa skuli jina ambalo wazazi wangu hawakunipa. Jina lenyewe lilikuwa Nuhusi, na aliyenibandika ni Thuwaiba, binti wa ami yangu.

Mpaka mwaka ule tulikuwa tukikaa Riyadh. Baba alikuwa na kiduka cha udi na mafuta mazuri huko Al-Dirah, na mimi nilikuwa mtoto wa kawaida, sina sifa wala aibu. Kisha Mama akashika mimba baada ya kungoja kwa miaka mingi, na daktari akamtaka apumzike. Baba hakuweza kufunga duka. Akatuleta Jidda kwa mama yake, tukakaa naye katika nyumba aliyopanga ghorofa ya chini, mtaa wa Aziziya. Bibi alitoka Unguja mwaka wa Mapinduzi akiwa msichana mdogo. Alikuwa amezeekea Uarabuni, lakini Kiswahili chake, na yote yaliyokuja pamoja na Kiswahili hicho, hakikupungua hata chembe.

Thuwaiba nami tulisoma darasa moja. Siku za mwanzo tulikula pamoja mapumzikoni, mkate na jibini, tukicheka. Sijui nilimkosea nini. Labda nilisifiwa mimi na abla, mwalimu wetu, yeye akaachwa. Siku moja nilitoka chooni nikamkuta amezungukwa na wasichana, wote wakinitazama mdomoni.

"Huyu kwetu anaitwa kigego," aliwaambia.

Neno hilo nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa wazee wetu, mtoto anatakiwa aanze kuota meno ya chini. Anayeanza na ya juu ndiye kigego, na waliamini kwamba mtoto huyo huwaletea mkosi walio karibu naye. Thuwaiba alimsikia mama yake akinong'ona kwamba mimi nilianza juu, na kwamba Bibi aliamuru watu wote wafiche. Wale wasichana wa Kiarabu hawakujua kigego ni nini, basi akawatafsiria: nahs. Sisi husema nuhusi. Hapo kila mmoja akaelewa.

Tangu siku ile, taa ya darasa ikizimika, ni mimi. Abla akikasirika, ni mimi. Msichana mmoja aliteguka mkono uwanjani wakati mimi niko msalani, na bado ilikuwa ni mimi. Nikigusa rula ya mtu aliipuliza kabla ya kuishika tena. Aliyekaa nami dawati moja aliomba kuhamishwa, abla akamhamisha bila kuuliza sababu. Watu wazima hudhani utani wa watoto hupita kama mafua. Mimi niliubeba kila siku mpaka nyumbani, nikalala nao na kuamka nao.

Sikumwambia Mama. Tumbo lilikuwa kubwa, na nilishaanza kuogopa kwamba nikimkaribia sana nitalidhuru.

Nyumbani mahali pangu pa kulia palikuwa sutuhini, juu ya paa, baina ya matangi ya maji na kamba za nguo. Huko ndiko nilikokutana na Kadzo. Ilikuwa miaka ile ambapo wanawake wa Kenya walikuwa wakija kwa wingi kufanya kazi za nyumbani, na Kadzo alitoka Kaloleni, akafanya kazi kwa wenye nyumba walioishi juu yetu. Madam wake hakupenda apige soga na majirani, lakini nguo lazima zianikwe, na kuanika hakuna anayekuharakisha.

"Kwani walia nini kila siku huku juu?" aliniuliza, vibanio viko mdomoni. "Jua litakukausha kama hizi shuka."

Nikamwambia. Hakuna mtu mwingine niliyekuwa nimemwambia. Alitoa vibanio mdomoni, akachuchumaa mbele yangu.

"Hebu nitazame. Mimi pia nilianza juu."

"Wewe?"

"Mimi. Mamangu aliambiwa nisilelewe pale nyumbani. Akanifunga mgongoni, akaenda kukaa kwa dadake, na hakurudi mpaka walonisema wakachoka kunisema. Sasa nalea watoto wa madam, wote wazima, tena wanene. Huo mkosi wangu waenda wapi?"

Nilicheka huku kamasi zikinitoka. Kwa siku kadhaa nilitembea kama mtu aliyetua mzigo. Halafu mdogo wangu akazaliwa, kwa operesheni, na mzigo ukarudi mara mbili.

Walipotoka hospitali, Bibi alinivuta jikoni. "Salha, mjukuu wangu," alisema, bila kunitazama machoni, "usiingie chumbani kwa mama yako mpaka arubaini ipite. Nduguyo utamwona akitolewa nje. Umenisikia?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Nimesema."

Basi. Thuwaiba ningeweza kumwita mwongo, lakini Bibi hakuwa mwongo. Bibi ndiye aliyenisuka nywele, aliyenifundisha Alhamdu, aliyenipa mimi ukoko wa wali kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama yeye alimwogopea mtoto kwangu, basi ni kweli. Nikawa napita mbele ya mlango ule nikibana pumzi. Mama alinisikia nikipita, akaniita, nami nikajifanya sikusikia. Alidhani nina wivu.

Mvua ya Jidda haiji mara nyingi, lakini ikija huja kama mtu anayedai. Siku hiyo skuli zilifungwa kwa tahadhari. Asubuhi mbingu ziligeuka rangi ya majivu, na kabla ya adhuhuri barabara yetu ilikuwa mto wenye rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa Bibi, Mama, mtoto na mimi. Maji yalipita chini ya mlango polepole kwanza, yakalowesha zulia, kisha mlango ukasukumwa na takataka na yakaingia kwa mkupuo. Umeme ukakatika. Bibi, mwenye magoti mabovu, alishika ukuta akisoma dua.

Kadzo aliteremka ngazi mbio, bila abaya, khanga kiunoni. Juu nilimsikia madam wake akiliita jina lake kwa hasira.

"Haya, juu! Wote juu!" Alimtazama Bibi, akamtazama Mama aliyesimama mlangoni mwa chumba akijishika mshono. "Nyanya nitambeba mimi. Mama Salha, wewe shika ukuta, panda taratibu. Mtoto mpe huyu."

"Huyu" nilikuwa mimi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji.

"Siwezi! Bibi kanikataza. Mimi nuhusi, nitamuua!"

Hayo nilikuwa sijawahi kuyasema ndani ya nyumba ile. Mama alinikodolea macho. Bibi naye aliacha dua katikati. Maji yalikuwa yamenifika magotini.

"Salha," alisema Mama, na sauti yake haikutetemeka. "Mshike nduguyo."

Akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na wa moto, kama mkate uliotoka kuokwa. Nikapanda ngazi huku nikimwangalia uso wake tu, nikingoja abadilike, aache kupumua, afanye jambo. Alifanya. Alinikojolea mkono mzima, akapiga mwayo, akaendelea kulala.

Juu, madam alikuwa amesimama mlangoni mwake, tayari kugomba. Alituona tulivyokuwa tumelowa, akamwona Bibi mgongoni mwa Kadzo, akafungua mlango wote. "Yalla, ingieni," alisema. Akatuletea mataulo yeye mwenyewe.

Hapo sebuleni kwa watu, Bibi aliniita nikakae karibu naye. Alinishika mkono, ule ule uliokojolewa, na akanieleza jambo ambalo hata Mama alikuwa halijui. Alikuwa na mdogo wake, jina lake Time. Time alianza kuota meno ya juu. Wazee walikaa wakashauriana, na mtoto akapelekwa shamba kwa watu wengine akalelewe huko, mbali na ndugu zake. Kisha yakaja Mapinduzi, familia ikaondoka kwa haraka, na Time akabaki. Bibi hakujua kama yu hai.

"Mimi sikukuogopa wewe, mwanangu," alisema. "N'liogopa watu. Nduguyo angepata hata homa tu, wangesema ni wewe. Nikaona bora usiwepo, wasipate la kusema."

Mama alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na mtoto mikononi, na hakuna aliyenitaka nimrudishe.

Skuli zilipofunguliwa, wasichana walikuwa wameshapanga. Nilipoingia tu, mmoja akapaza sauti kwamba ndiye huyu, Nuhusi aliyetuletea mafuriko. Zamani ningeinamisha kichwa. Siku hiyo nilimjibu, kwa Kiarabu cha Jidda kama chake: "Mvua imenyesha mji mzima, mpaka Karantina. Mimi kuvuka barabara peke yangu naogopa, leo nimeyaamrisha mawingu?" Mmoja akacheka, na wa pili, na kicheko hicho hakikunielekea mimi. Jina halikufa siku ile. Lilichoka tu, na mwisho wa mwaka walikuwa wachache waliokuwa bado wanalitumia. Thuwaiba hakuomba radhi, nami sikumdai. Tuliendelea kuwa ndugu kama wanavyoendelea ndugu.

Kadzo alimaliza mkataba wake akarudi kwao. Ana mtoto sasa, hunitumia picha. Sisi tulirudi Riyadh, na Bibi tukahama naye. Singekuwa mkweli nikisema nimepona kabisa. Mpaka leo, kitu kikiharibika mahali nilipo, moyo wangu hunitazama mimi kwanza kabla ya kutafuta sababu. Nimezoea kuungoja umalize, kisha naendelea na kazi.

Mwaka jana mdogo wangu, ambaye sasa ana sauti nzito na viatu vikubwa kuliko vya Baba, aliuliza tukiwa mezani: "Kigego ni nini?" Alilisikia harusini. Vijiko vilisimama. Zamani mtu angembadilishia maneno. Nilimtazama Bibi, Bibi akanitazama mimi, akasema, "Mwambie."

Nikamwambia yote, na Bibi akanisaidia penye Time, akamtaja kwa jina mbele ya watu, akasema kwamba walipokwenda kumwona shamba alikuwa akipenda kuimba. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani nilikuwa mzito?" aliuliza.

Tukacheka wote, Bibi mpaka akafuta macho. Neno walilolificha tangu sijajua kutembea lilikuwa limesemwa wazi, mchana, katikati ya nyumba yetu, na wali ulikuwa bado wa moto.