Mvumo wa Ghalani

Shemeji yangu alikuwa fundi wa mafriji alipomwoa dada. Mtu wa maneno machache na mikono safi, jambo ambalo kwa fundi linatia shaka. Kisha kampuni moja ya sarafu za kidijitali ikakodi ghala la zamani la nyuzi, ikalijaza mashine kutoka sakafuni hadi darini, ikamwajiri azipooze zisiungue. Nikamuuliza mashine zenyewe zinafanya nini.

"Zinachimba sarafu."

"Zinachimba wapi?"

"Si ardhini, shemeji. Zinakisia namba, kutwa kucha. Itakayopatia kabla ya nyingine zote duniani inapewa sarafu."

"Kumbe kamari."

"Ni hesabu," akasema, akanuna. Nami sina simile na watu wa kununa, nikamcheka palepale.

Lakini kazi ilimkubali. Akawa mkuu wa mafundi, akapewa gari. Aliweza kusimama mlangoni amefumba macho akakwambia feni ipi inaumwa. Meneja akaanza kumwahidi ghala jipya, kubwa kuliko lile, na nyumba ya familia ndani ya uzio huohuo.

Mimi nilihamia kwao kumsaidia dada kulea binti yao. Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu mchanga alikuwa hafungi mdomo. Alisema baba, maji, paka, kiatu, na mengine aliyoyajua mwenyewe. Alipokaribia miaka miwili maneno yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine. Kiatu kilitangulia, akafuata paka. Baba lilikuwa la mwisho. Daktari alimpima masikio akasema ni mazima.

Mahali pa maneno ukaja mvumo. Sauti nzito, isiyopanda wala kushuka, mdomo umefungwa, macho yanatazama ukuta. Haikuwa sauti ya mtoto. Niliogopa, nasema wazi, na kubaki naye chumbani peke yangu nikawa sipendi. Dada aliogopa zaidi: kwamba mwanawe hatasema tena.

Jumamosi moja tulikuwa mezani mchana. Chiriku anavuma kama kawaida, mara mvumo ukakwama, ukakwaruza, ukaendelea, ukakwama tena. Baba yake, Fundi kama tulivyozoea kumwita, akaweka kijiko chini, akampigia simu msaidizi wake ghalani.

"Safu ya tatu, feni ya mwisho. Zima sasa hivi!"

Tulisubiri. Msaidizi aliporudi kwenye simu alikuwa anahema. "Imeanza kutoa moshi. Umejuaje, bosi?"

Fundi akakata simu, akamgeukia mwanawe. Mtoto yule hakuwahi kukanyaga ghalani, na ghala lenyewe liko upande wa pili wa mji.

Alasiri ya kesho yake nilikuwa naingiza nguo zilizokauka, nikasikia mvumo sebuleni. Nikaingia nimkanye Chiriku. Nikamkuta amejilaza juu ya kifua cha baba yake, sikio amelibana pale, mdomo kimya. Aliyekuwa anavuma ni Fundi. Amelala fofofo kwenye kochi, na sauti inamtoka bila kituo. Hata alipovuta pumzi haikukatika.

Nikamwita dada.

"Hukujua?" akaninong'oneza. "Ndivyo alivyo kila akilala. Nilidhani ukiolewa na fundi ndiyo hivyo." Akajaribu kucheka, akaishia kulia.

Nikajipa moyo. Baba amebeba feni mbovu masikioni kutoka kazini bila kujua, mtoto amemwiga. Mambo yana maelezo yake. Nikamrekodi kwa simu, na alipoamka akawa anakunywa chai nikamwekea asikilize, bila kumwambia kitu. Akainamisha kichwa upande, kama awapo kazini.

"Safu ya tatu," akasema. "Hiyo imeshatengenezwa. Nani alikuruhusu uingie ghalani?"

"Sijaingia. Ni wewe, shemeji. Hapo kwenye kochi."

Akacheka. Alipoona hatucheki, akaomba arudie kusikia, akarudia tena. Kisha akaweka kiganja kifuani, vile anavyopima ubavu wa friji.

"Na huyu anajifunza kusema kutoka kwangu," akasema. Sikuwahi kumwona na hofu kama ile.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kusaini mkataba wa ghala jipya. Akaenda, akakataa. Jioni alitusimulia. Meneja alimsikiliza kwa upole, akamwongezea mshahara, akamwambia afikirie vizuri. Na alipokuwa anangoja jibu, Meneja akaanza kuvuma. Sauti ileile. Karani aliyekuwa nje ya mlango akaipokea, na aliyekaa mbele yake naye akaipokea. Hakuna aliyeshtuka. Fundi akaacha funguo za gari juu ya meza, akarudi nyumbani kwa miguu.

Wajuaji walisema amerukwa na akili, kuacha ulaji namna ile. Akafungua kibanda, akarudi kwenye mafriji yake. Nilimtania kwamba hata friji huvuma.

"Huvuma," akasema, "lakini hupumzika."

Mvumo ulimtoka taratibu. Siku moja dada alikuja mbio jikoni kuniambia kwamba mumewe anakoroma, tukakumbatiana. Na maneno ya Chiriku yakarudi. Baba likatangulia, yakafuata maji na paka, na kiatu kikaja mwisho kwa kelele kubwa. Tukasahau ukimya. Nyumba ikawa haina raha ya kulala mchana kwa porojo zake, na hakuna aliyelalamika.

Juzi tulikuwa mezani. Chiriku alikuwa anatusimulia visa vya paka wa jirani, akanyamaza katikati ya neno. Akatazama ukuta. Akavuma kwa sauti nzito, ikakwama, ikakwaruza. Humo ndani hakuna aliyekuwa amevuma kwa miezi. Kisha akamgeukia baba yake, akasema vizuri kabisa:

"Baba, inaungua."

Dada alikimbilia jikoni, akazima jiko, akafunua sufuria zote. Kwetu hakikuwapo kinachoungua. Aliporudi, Fundi alikuwa ameshapiga simu ghalani, na sote tukaisikiliza ikiita, ikiita, mpaka ikakatika.