Mama Kulia na njia ya nne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye fulana nyekundu amesimama ukingoni mwa bwawa la kuogelea, anahesabu vichwa. Anafika kumi na tisa, anasita, anaanza upya. Filimbi iko mdomoni tayari, ingawa hakuna aliyekosea.

"Kulia, kaka! Kaa kulia!" anamwita kijana aliyeanza kuhamia katikati.

Ni kwa sababu ya ukelele huo waogeleaji humwita Mama Kulia. Wengine humtania kuwa hilo ni jina la mtu wa machozi. Zamani alikuwa akicheka nao. Tangu yaliyotokea wiki saba zilizopita, utani huo unamchoma.

Ana miaka arobaini na mbili, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mwokoaji katika bwawa hili la umma lenye urefu wa mita ishirini na tano. Lina njia sita zilizotenganishwa kwa kamba za maboya. Asubuhi, nne huchukuliwa na klabu na shule. Wengine wote hubanana katika mbili zilizobaki, ya nne na ya tano, na siku nyingine hufika watu arobaini: wenye mbio, wenye vitambi, waliojifungua karibuni, waliotumwa na daktari.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuokoa wanaozama," anasema bila kuondoa macho majini. "Kazi kubwa ni kumpatanisha mwenye haraka na asiye na haraka."

Masharti yake anayajua kila mtu. Unakwenda kwa upande wa kulia na kurudi kwa upande wa kulia, kwa mzunguko. Ukimfikia mtu, unamgusa unyayo mara moja tu, taratibu. Aliyeguswa hashtuki wala hasimami hapo hapo. Anaogelea mpaka ukutani, anajibanza pembeni, anampisha mwenzake. Kupitana katikati ya njia ni marufuku.

Aliyevunja sharti hilo la mwisho ni binti yake mwenyewe.

Binti ana miaka kumi na saba na anajiandaa kwa mchujo wa timu ya mkoa. Siku hiyo njia za klabu zilijaa, akaingia njia ya nne. Mbele yake alikuwa mzee mmoja aliyestaafu udereva wa mabasi, ambaye wote humwita Dereva. Amefanyiwa upasuaji wa goti, na daktari amemwagiza aogelee mara tatu kwa wiki.

Dereva alibanwa na msuli wa mguu. Akasimama katikati ya njia, akageuka kurudi. Wakati huohuo binti alikuwa ametoka upande wake ili ampite. Kichwa chake kikampiga mzee kwenye paji la uso, na mzee akazama.

"Mimi sikuona," anasema Mama Kulia. "Nilikuwa natazama saa mkononi. Nilikuwa nampimia mwanangu muda."

Anakadiria kuwa zilipita sekunde nne kabla hajainua macho. Alijitosa na nguo zake, akamtoa. Mzee alitapika maji, akalazwa siku mbili. Binti alikaa sakafuni chooni akigoma kutoka.

Jioni ile meneja alimpa fomu ya taarifa. Aliijaza. Meneja alipoisoma, alimrudishia akiwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja: *Mwokoaji hakuwa anatazama maji.*

"Akaniambia, 'Dada, hili si lazima liandikwe. Mzee mwenyewe anasema alikosea kusimama.' Nikamwambia, mzee alikosea, mtoto alikosea, na mimi nilikosea. Liache."

Akapewa barua ya onyo na miezi mitatu ya kuchunguzwa. Likizo yake ameiahirisha mara mbili. Nyumbani, anasema binti, mama yake huamka usiku na kuuliza kama watu wote wametoka majini.

"Namwambia, mama, uko kitandani," binti anasimulia. "Yeye ananiuliza, una uhakika?"

Leo, saa moja kasoro dakika kumi, mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo unafunguka. Dereva anatoka akichechemea, kofia ya mpira imemfinya masikio. Ni mara yake ya kwanza kurudi.

Mama Kulia anaiacha filimbi ining'inie. "Mzee wangu, shikamoo. Leo tukuwekee njia yako peke yako?"

"Marahaba. Peke yangu kwani nina ndui?" anajibu Dereva. "Miaka thelathini barabarani sijagongwa, nimekuja kugongwa majini. Nipe njia ya nne."

Binti, anayejinyoosha viungo upande wa pili, ameganda. Tangu siku ile hajaingia njia hiyo. Dereva anamwona.

"Wewe binti! Njoo. Nani atanigusa unyayo?"

Binti anamtazama mama yake. Mama anatikisa kichwa kukubali, lakini vidole vimeibana kamba ya filimbi mpaka vimepauka.

Dereva anatangulia. Binti anahesabu mpaka kumi, anamfuata upande wa kulia. Mara tatu wanakwenda na kurudi. Mara ya nne anamfikia. Anapunguza mwendo. Mkono wake unamgusa mzee unyayo, mara moja. Mzee anaendelea bila kushtuka mpaka ukutani, anajisogeza pembeni, anampungia mkono apite.

Mama Kulia anashusha pumzi. Kisha anaanza kuhesabu vichwa tena.

Ameiandikia ofisi barua akiomba nusu saa kila Jumatatu awafundishe wageni, kwenye maji ya kina kifupi, namna ya kugawana njia kabla hawajaruhusiwa kuingia. Jana meneja alikubali. Waliojiandikisha mpaka sasa ni saba, na wa kwanza ni Dereva, aliyepiga simu jana ileile.

"Nikamwambia, mzee, wewe haya mambo unayajua yote," anasema. "Akanijibu, 'Najua. Nakuja kukaa mbele, ili ukianza kuogopa unitazame mimi.'"