Mikono ya Chelangat

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mkuu hakuniuliza jina. "Leta mikono," alisema. Akanikata kucha mwenyewe, akanivua pete na saa, akanisimamisha kwenye sinki: viganja, migongo, katikati ya vidole, vidole gumba, hadi viwiko. "Mtoto mchanga bado hana kinga. Mikono yako inaweza kumzika." Ninyi vijana mnaovaa glavu mkadhani mambo yamekwisha, mngemkimbia.

Nilianzia zahanati ya shamba la chai, nikahamishiwa Sotik, kisha nikawa msimamizi wa wadi ya watoto wachanga katika hospitali ambayo sitaitaja. Ukali wa yule mama nilikuwa nimeurithi wote. Uangalifu wake sijui niliuacha wapi.

Chelangat alikuwa mchuma chai. Mwanawe alizaliwa kabla ya wakati, tukawa tunamlisha kwa mpira wa puani. Vidole vya Chelangat vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Hata mama yangu mzazi alikuwa na vidole vya namna hiyo, lakini nilimzuia Chelangat mlangoni.

"Na hiyo mikono utashika mtoto?"

"Sista, hii si uchafu. Ni majani. Nimeosha mara tatu na haitokangi."

"Basi osha mpaka itoke."

Siku tatu alisugua kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa jiwe, na siku tatu alimtazama mwanawe kupitia kioo. Mimi nilikuwa nikinawa vizuri kabisa, kisha najipangusa kwa taulo iliyoning'inia kando ya sinki tangu asubuhi, ambayo wauguzi wote tuliitumia. Nyani haoni kundule.

Siku ya nne mtoto alipoa mwili, maziwa yakawa hayakai tumboni. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Alikufa kabla ya adhuhuri, na ndipo Chelangat akamshika kwa mara ya kwanza.

Nilidai, Mungu anisamehe, mikono yake ipimwe. Mtu wa maabara alipitisha pamba kwenye mikono yetu sote, kwenye sinki na taulo. Mikono ya Chelangat ilikuwa safi. Kijidudu kilichokuwa kwenye damu ya mtoto kilipatikana kwenye taulo, na kwenye mikono yangu.

"Nani alimkataza huyu mama?" Daktari Msimamizi aliuliza.

"Ni mimi."

"Basi utamwambia wewe."

Nilienda kwao, ng'ambo ya Litein, nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliangalia vidole vyake.

"Kwa hivyo ningemshika tu?"

Nikajibu ndiyo.

Taulo ile niliichoma. Tangu hapo wadi yangu ilijikausha kwa karatasi za kutupwa, lakini hilo halikumsaidia Chelangat.

Sasa nimestaafu, nachuma chai yangu mwenyewe, na vidole vimekuwa vyeusi. Mwezi uliopita mke wa mwanangu alijifungua. Nilinawa kama nilivyofundishwa, nikajikausha kwa kitambaa safi, kisha nikasimama mlangoni nimeficha mikono mgongoni.

"Mama, si uingie umshike," akasema. "Hiyo ni majani tu."

Nilimshika. Nililia hadi akaniomba nimrudishie mtoto wake.