Sauti ya Baba Ndani ya Diski

Mimi si mtu wa kushituka ovyo. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na siku moja nyoka alishuka darini katikati ya mtihani, nikawahamisha wanafunzi upande wa pili na mtihani ukaendelea. Lakini wiki ile ya kompyuta ilinishitua hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Ilianza kwa uzito. Kompyuta yangu ya mezani, hapa nyumbani kwetu Ole, ilizoea kuwaka kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Ikaanza kuchukua muda wa kunywa chai, halafu wa chai na muhogo. Nikifungua faili, inaganda. Nilitukana vumbi, nikatukana umeme, nikamlaumu mke wangu kwa kitambaa cha kufuma alichoifunikia, na kitambaa chenyewe nilikitaka mimi. Nikatafuta virusi, sikuvipata. Nikafuta picha za harusi za watu nisiowajua, bado nzito. Asubuhi moja ikaanza kugonga kwa ndani: ta, ta, ta, kimya, kisha ta, ta, ta tena. Nilisimama mbele yake mikono kichwani.

Maana ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya baba. Miaka mitatu nyuma, angali na kauli yake, tulikwenda wawili kwenye makaburi ya ukoo. Makaburi yetu hayaandikwi majina. Jiwe moja kichwani, jingine miguuni, basi. Wa kujua nani kalala wapi ni mtu, na mtu mwenyewe alikuwa baba. Alipita akinitajia mmoja mmoja, nami nikamrekodi kwa simu. Nikaihamishia sauti kwenye kompyuta, na simu ikaja ikaibiwa. Sikuwahi kuisikiliza. Nilijua ipo, inatosha.

Mwezi uliofuata baba akapigwa na kiharusi. Tangu siku hiyo hasemi. Tulimpeleka makaburini mara moja kwa bajaji, akaelekeza mkono kila upande, kisha akalia kama mtoto. Hatukumpeleka tena.

Na sasa shangazi, dada yake baba, alikuwa anakuja kutoka Mombasa alikoolewa. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa kajifungua siku hiyo hiyo, hakuweza kusafiri. Sasa yeye mwenyewe ni kikongwe. Alinipigia simu.

"Mwanangu, n'naja kumwombea dua mama. Nataka nijue kalala wapi kabla na mie sijalala. Si babako kakuonesha?"

"Kanionesha, shangazi. N'nayo sauti yake, saa nzima."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Ilikuwa Jumamosi, na shangazi alikuwa afike Alhamisi.

Habari kwamba kompyuta ya mwalimu inaumwa, na sauti ya mzee imo ndani yake, ilienea kabla ya adhuhuri. Basi watu wakaja kuijulia hali. Nani angekaa kwao wakati jirani ana mgonjwa? Imamu wetu alikuja, mwalimu mwenzangu akaja mara mbili, jirani akaja na shemeji yake, bibi mmoja akaja na ndizi mbivu. Na mgonjwa haulizwi tu, hutazamwa. Kila aliyeingia nilimwekea kiti, nikabonyeza kitufe, nikamwambia, "Sikiliza mwenyewe." Tukasikiliza ta, ta, ta. Akatikisa kichwa, akasema Mungu ataijaalia nafuu, mmoja akanong'ona kuwa hili ni jicho la hasidi, nikaizima. Akija mwingine, naiwasha. Nilifanya hivyo siku nne, na nilijiona mtu mwenye adabu.

Jumatano niliifunga kwenye kanga nikaipakata juu ya bodaboda mpaka Chake Chake, kwa fundi niliyeelekezwa. Kijana mtaratibu, hana maneno mengi. Aliiwasha mara moja, akainamisha sikio, akaizima haraka.

"Mwalimu, toka ianze kugonga hivi, umeiwasha mara ngapi?"

"Kwa nini?"

Akanieleza. Ndani ya diski inayotunza mafaili mna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaoisoma. Mkono ule umeharibika, na kila nikiiwasha unaikwaruza sahani. "Kinachokwaruzwa hakirudi," alisema. "Ungeizima siku ya kwanza ukaniletea, ningekutolea kila kitu."

Nikaanza kuhesabu wageni wangu. Nilipofika kwa bibi wa ndizi nikakaa juu ya boksi la printa. Siku nne nzima nilikuwa nikimuua mgonjwa kwa ajili ya waliokuja kumtazama.

Fundi aliitoa diski akaiunga kwenye mashine yake. Alisema huenda ikampa nafasi moja tu, nichague nianze na nini. Mlikuwa na maandalio yangu ya masomo ya miaka kumi, mitihani, picha za wanangu walipozaliwa. Nilisema sauti. Mstari wa kunakili ukatambaa, ukasimama, ukatambaa tena. Nilisoma kila dua niliyoijua na nyingine nikazisoma nusu kwa kiherehere. Mara diski ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza moja kwa moja.

"Ya mwisho hiyo," fundi alisema. "Lakini sauti imeingia, mwalimu. Imeingia yote. Dakika kumi na moja."

"Kumi na moja? Ilikuwa saa nzima!"

"Faili limekamilika. Halikukatika."

Nilimkatalia. Nilikuwepo mimi, si yeye. Nilimlipa kwa uso uliokunjamana, nikaitia mfukoni flashi aliyoniwekea sauti, nikarudi Ole nikiwa na hakika kwamba diski imekula zaidi ya robo tatu ya maneno ya baba. Sikutaka kuisikiliza peke yangu. Nilitaka shangazi awe wa kwanza.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tulimketisha baba na mito mgongoni. Shangazi akakaa ubavuni pake kwenye mkeka, kamshika ule mkono ulio hai. Nikachomeka flashi kwenye redio.

"Hapa kalala babu yangu, mzaa baba," ilisema sauti ya baba, nzito, ile ile. Shangazi alijifunika uso kwa buibui. Miaka mitatu hatujaisikia sauti ile. "Hapa mkewe. Hapa, penye gogo la mkarafuu, ami yangu." Baba mwenyewe aliikodolea macho redio, midomo ikimcheza. Sauti iliendelea hivyo, kaburi baada ya kaburi, jiwe baada ya jiwe, nami nikiandika kwenye daftari. Kisha ikakohoa.

"Sasa kasalia mama tu. Yeye yuko kule chini, twende nikuoneshe."

Na hapo ikaingia sauti ya pili, ya kijogoo, yenye haraka. Sikuitambua mara moja.

"Basi, baba, jua kali. Huyo utanionesha kesho, inshaallah."

Ukafuata mlio wa kitufe cha simu, na redio ikanyamaza. Diski haikula kitu. Saa nzima niliyoishikilia mbele ya watu wote haikuwahi kuwako, na kesho ile sikuirudia.

Nilimtazama baba, na baba alikuwa ananitazama mimi. Shangazi aliondoa buibui usoni. Hakugomba. Ingekuwa bora angegomba.

"Siku hiyo ulikuwa wenda wapi, mwanangu?" aliniuliza.

Nilifikiri sana nimjibu. Sikukumbuka.