Themanini Tu, Mke Wangu

Wanaume wa huku kwetu kaskazini mwa Michigan, Marekani, ni wakweli katika mambo yote isipokuwa mawili: ukubwa wa samaki aliyewaponyoka na bei ya bunduki waliyonunua. Urho Maatta, Mungu amrehemu, alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mlevi, na akiahidi kukuletea kuni Jumanne, Jumanne unazikuta mlangoni. Lakini kila vuli alipoingia jikoni na mfuko mrefu begani, mkewe Irja akamuuliza, "Na hiyo ngapi tena?", jibu lilikuwa lile lile.

"Themanini tu, mke wangu. Jamaa anahama."

"Kila mwaka kuna mtu anahama," Irja alikuwa akisema. "Ajabu mji bado una watu."

Waligombana miaka arobaini na sita, karibu kila mara ugomvi ukiwa huo mmoja. Irja anataka jokofu, Urho analeta bunduki. Irja anataka mazulia, Urho analeta bunduki. Si kwamba Irja alikuwa mwanamke wa makuu, la hasha. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa kwenye barabara za barafu na hakuwahi kulitia mtaroni hata siku moja. Starehe yake ilikuwa kahawa na nisu, ule mkate mtamu wa iliki, na cherehani yake kubwa ya kushonea mablanketi ya viraka, aliyoipata kwenye mnada wa kanisa moja la mbali kwa dola sitini.

Urho alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa tisa, tanuru la kupasha nyumba joto nalo likafa. Fundi alilichungulia kwa tochi, akatoka kwenye chumba cha chini ya nyumba akipangusa mikono, akataja elfu tano na mia mbili. Irja alikuwa na akiba ya kununulia chakula, si tanuru. Na huku kwetu nyumba isiyo na tanuru haikai mtu ikifika Novemba. Maji yataganda yapasue mabomba, na wewe utafuata.

"Mama, njoo Arizona," mwanawe Dale alimwambia kwenye simu. "Huku hakuna theluji. Uza nyumba, uza kila kitu."

"Na sauna, bafu langu la mvuke wa moto, nitaoga wapi?"

"Mama, Arizona yote ni sauna."

Irja alicheka, alipokata simu akalia. Nyumba ile aliijenga na Urho kwa mikono yao, msumari kwa msumari. Lakini atafanyaje? Akamwambia Dale atakuja kabla ya theluji ya kwanza, akaanza kugawa vyombo. Zikabaki bunduki sita.

Majirani walishaanza kuzinyemelea. Mmoja alimletea sufuria ya supu, na kabla supu haijapoa akaulizia ile yenye mitutu miwili. Angeweza kumpelekea Heikkila, fundi bunduki wa mjini, lakini Heikkila alikuwa rafiki wa Urho. Utabishanaje bei na mtu aliyebeba jeneza la mumeo? Tena ingejulikana kwamba hana hela ya tanuru. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini Irja alikuwa wa kuficha. Akazifuta vumbi zote sita, akahakikisha hazina risasi, akazitia mifukoni na kuzipakia kwenye pikapu. Akaendesha kwa muda wa saa tatu na nusu kwenda duka kubwa la wawindaji, lile lenye mlima wa bandia ndani na dubu waliokaushwa, ambako hakuna amjuaye.

Alichukua namba, akangoja kama mtu wa hospitali. Kijana wa kaunta aliitwa Randall, mnene, mpole, miwani imemteremkia puani. Alizikagua moja moja, akazitafuta kwenye kompyuta, akachungulia mitutu kwa taa ndogo. Kisha akasema duka litatoa elfu moja na mia tisa kwa zote.

"Kwa zote?" Irja alishika ukingo wa kaunta. "Elfu moja na mia tisa? Mwanangu, Mungu akubariki! Lete karatasi nitie sahihi kabla hujabadilisha mawazo."

Randall hakuleta karatasi. Alimwangalia.

"Mama, wewe ulitegemea ngapi?"

"Mia nne na themanini. Kila moja themanini, mara sita. Mume wangu hakuwahi kulipa zaidi."

Yule kijana alivua miwani, akafumba macho kidogo. Alikuwa ameshawaona wajane wengi kwenye kaunta ile.

"Wa kwako alisema themanini," alisema polepole. "Baba yangu alikuwa akisema sabini na tano."

Irja hakuelewa. Randall aligeuka kutazama kama mkubwa wake yuko karibu, akainama.

"Sikiliza, mama. Bei yetu ni ya duka. Lazima tuuze tena tupate faida, na hao dubu wote wanahitaji umeme. Hizi nne ni za kawaida. Nipe, nitakupa elfu moja na mia moja, na huko kwenu hutapata zaidi kwa haraka. Lakini hii ya mitutu miwili yenye bata waliochongwa, na hii ndefu ya zamani, sizinunui."

"Zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro. Ndiyo sababu. Nyumbani kuna fundi bunduki mwaminifu?"

"Yupo Heikkila."

"Mpelekee. Usimtajie bei yoyote, mwache aseme yeye. Na jirani akija na supu, maana huwa wanakuja, kunywa supu tu."

Irja aliziuza zile nne, na njia nzima ya kurudi alimtukana marehemu. Alimwita mwongo, alimwita mzee wa kanisa wa vichekesho, akapitiliza hata kituo cha mafuta alichokusudia. Kilichomuuma si fedha. Alijiuliza, kama kwenye hili alimdanganya miaka yote ile, kwenye mengine je?

Asubuhi yake alizilaza zile mbili juu ya meza ya Heikkila, kikongwe mwenye vidole vyeusi vya mafuta. Heikkila alipoiona ile ya bata, masikio yalimwiva.

"Urho aliinunua kwako hii?" Irja aliuliza.

"Kwangu."

"Kwa ngapi?"

Heikkila alitazama dari. "Themanini."

"Heikkila! Nimekupikia kahawa miaka thelathini. Njia ya mwongo fupi."

"Hii yetu imekuwa ndefu, Irja," Heikkila alisema, akakaa chini. "Haya. Alinilipa elfu mbili, kidogo kidogo, miaka mitatu. Unakumbuka alivyokuwa akiamka alfajiri kuwaondolea watu theluji milangoni bure, kwa upendo wa Kikristo?"

"Bure!"

"Haikuwa bure."

Irja alivuta kiti, naye akakaa.

"Leo ina thamani ya karibu elfu nne," Heikkila aliendelea. "Yuko daktari mmoja wa mji wa Marquette, ananiulizia kila mwaka. Ile ndefu ni mia tisa. Nitaziuza zote mbili kwa niaba yako, nichukue changu kidogo, maana hata mimi nina mke wa kudanganya. Nakungoja tangu mwezi wa pili, Irja. Urho alikuja hapa Januari, hata pumzi hana. Akaniambia, 'Nimejaribu kumwambia bei za kweli, zimsaidie nikiondoka. Hataki kunisikia. Akija kwako, mwambie wewe.' Nikangoja uje. Kukufuata niliona aibu."

Hapo Irja akakumbuka. Jioni moja Urho alikaa mbele ya kabati, mkono juu ya kitasa, akasema, "Irja, kuhusu hizi bunduki..." Naye akamkatiza: "Nyamaza. Novemba utakwenda nazo msituni mwenyewe." Hakutaka kusikia habari ya kuondoka. Urho akaomba kahawa.

Irja alilia palepale mbele ya Heikkila, bila kujificha, na ndani ya kilio kicheko kikamtoka. Bunduki alizozinunia miaka arobaini na sita! Kumbe mzee alikuwa anamletea moto nyumbani, na yeye anadai jokofu. "Asante, mwongo wee," alisema. "Asante, mume wangu."

Daktari alilipa kabla ya wiki kuisha. Tanuru jipya likafungwa tarehe kumi na nne Novemba, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Irja alimpigia Dale kumwambia kwamba Arizona atakuja kutembea tu, akamtumia Randall blanketi la viraka lenye bata.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, alishuka chini na kikombe cha kahawa. Tanuru lilikuwa linanguruma kwa raha zake. Koti la Urho bado lilining'inia kwenye msumari, karibu na cherehani. Irja alilinyoosha kola, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Urho," alisema, "cherehani hii haikuwa sitini. Ilikuwa elfu mbili na mia tatu. Na kule kanisani haukuwahi kufanyika mnada."