Chumba cha Karibu na Geti

Kabla hujaanza kutabasamu, nikwambie kwamba mimi pia nilikuwa nikitabasamu. Katika familia yetu mimi ndiye wa kuuliza, "Umejuaje?" Mchungaji akihubiri muujiza, mimi natafuta shahidi. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na digrii na tabia ya kubishana na kila kitu, hata redio. Kama ningekuwa mtu wa kubuni visa, ningebuni kimoja cha kunipamba. Hiki hakinipambi. Lakini kilitokea, hapa Kitengela, upande wa barabara ya kwenda Kajiado, wikendi ya Pasaka, jua likiwa bado halijazama.

Nyanya yangu, mzaa mama, tunamwita Koko, kama Wamaasai wote wanavyowaita nyanya zao. Koko alikuwa na gesti. Usifikirie hoteli. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba vidogo vilivyozunguka uwanja, na mti wa mgunga katikati ambapo watu walifunga kamba za nguo. Wageni wake walikuwa wazungu wa mabegi mgongoni, vijana waliotoka Arusha kupitia Namanga wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilikua nikiwaona. Waliosha soksi zao na kuzianika kwenye ua wa miiba, wakapiga gitaa vibaya, wakala ugali kwa mikono wakichekana. Asubuhi walikaa kimya kwenye ngazi na vikombe vya chai wakiangalia pundamilia wakipita nje ya ua, kwa sababu siku hizo pundamilia walipita. Koko hakujua Kiingereza zaidi ya "yes" na "sleep", lakini walimpenda. Wengine walirudi wakiwa wameoa, wakamletea watoto awatemee mate.

Hapo usishangae. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo, pfff, kama umande. Koko alinibariki hivyo kila jioni nilipokuwa kwake. Ninainamisha kichwa, anakigusa, ananitemea. Hata nilipoacha kuamini mambo mengi, hilo sikuliacha. Sijui kwa nini.

Halafu dunia ikabadilika. Wazungu wa mabegi wakaanza kuruka na ndege moja kwa moja hadi mbugani. Waliobaki walichagua malazi kwa simu, na Koko hakuwa kwenye simu. Kuta za mawe zikajengwa kila upande, pundamilia wakakosa njia, malori ya kokoto yakachukua nafasi yao. Miguu ya Koko nayo ikamkataa, akawa mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ndipo anko wangu, Parsaloi, akasema ardhi ikatwe ploti.

"Hii nyumba ni makumbusho ya soksi," aliniambia. "Wewe na digrii yako, nionyeshe kama inaweza kujaa hata wikendi moja. Pasaka ikipita bila kujaa, naleta saveya apime."

Nilikubali. Nilipaka rangi, nikatundika taa ndogondogo kwenye mgunga na bembea kwenye tawi lake, nikaweka vyumba vyote kwenye simu. Nilijua wateja wapya ni kina nani: wapenzi wa Nairobi wanaotaka kulala "mashambani", wapige picha na kuondoka Jumatatu. Sikuwadharau. Walikuwa ndio njia pekee ya Koko kufia nyumbani kwake.

Lakini nikasema vyumba vyote, na hapo ndipo ninapoanza kuangalia chini.

Kulikuwa na chumba kimoja, kile cha karibu na geti, ambacho Koko hakuwahi kumpa mtu aliyeagiza mapema. Hata gesti ikijaa, hata watu wakilala kwenye mahema, kile kilikaa kimetandikwa, kikimngoja atakayetokea bila taarifa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza sababu. "Anayekuja bila kutarajiwa ndiye mgeni," alisema. "Hawa wengine ni wateja." Niliona ni maneno mazuri ya mtu asiyejua biashara. Kwa hivyo nikakiweka kwenye simu kama vingine, na sikumwambia. Kikachukuliwa siku hiyohiyo.

Ijumaa Kuu jioni gesti ilikuwa imejaa. Niamini, nilikuwa na furaha hadi meno yaliniuma. Muziki ulikuwa unalia, nyama iko motoni. Nilikuwa nimesimama getini na wale wawili wa kile chumba, msichana mmoja mcheshi na mpenzi wake, tukitafuta mahali pazuri pa kupiga picha, ndipo nikamwona mwanamke.

Alikuwa mzee, mwembamba, amejifunga shuka ambalo rangi yake ilikuwa imekwisha. Sikumwona akija. Hilo halikunishtua, nani huangalia barabara wakati wote? Mbwa wetu, ambaye humbwekea hata Anko, alilala chini akaweka kidevu kwenye mchanga. Hilo pia nililipita. Mkononi alishika nyasi, ameziinua kidogo mbele ya kifua.

Sikiliza, mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Kutoka hapa hadi Kajiado hakukuwa na jani. Ng'ombe walikuwa wanakula katoni. Nyasi za yule mama zilikuwa mbichi, ndefu, na zilikuwa na umande. Saa ya jioni, umande! Mimi wa "umejuaje" niliziona, na sikuuliza swali hata moja.

Tena nilijua maana yake. Kila mtoto wa kwetu anajua. Anayekujia ameshika nyasi anaomba amani, anaomba umpokee. Humfukuzi mtu wa nyasi, hata awe adui yako.

"Takwenya, nakerai," alinisalimu. Ndivyo mwanamke husalimiwa kwetu, halafu akaniita mtoto.

"Iko," niliitikia. Lakini sikuinamisha kichwa. Wageni walikuwa wanatazama.

"Nimetembea. Naomba kulala tu. Kale kachumba ka hapa."

"Mama, tumejaa. Umebuku?"

Hakuelewa. Nikatoa simu, nikamwonyesha, kana kwamba kioo kingemsaidia. "Jina lako nani? Nikutafute hapa. Kama uko na jina hapa, uko na kitanda."

Akaangalia chini. Akasema polepole, bila uchungu wowote, "Jina langu hawalitaji tena."

Unaelewa aliniambia nini? Mimi nilipaswa kuelewa. Kwetu mtu akifa, jina lake linawekwa chini pamoja naye. Hatulitaji. Hata leo, tukiwa tumebatizwa na kumeza vitabu, mama yangu husema "yule aliyetangulia", hasemi jina. Mwanamke yule aliniambia wazi alivyo, kwa lugha niliyonyonya. Mimi nikafikiri amekosana na watoto wake.

"Ni shoo ya kitamaduni?" msichana akauliza nyuma yangu. "Aki shosho ni mrembo! Simameni pamoja niwapige picha."

Na mimi, kwa sababu nilitaka wateja wangu wacheke, nikasema kwa sauti, "Mama, hizo nyasi pelekea ng'ombe. Wao ndio wana njaa."

Walicheka. Mimi pia nilicheka. Simu ikalia ka!

Mwanamke hakukasirika. Alizishusha nyasi kando ya mwili wake, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, na nikamfungia geti. Nilifunga kwa upole, kama vile upole ungepunguza kitu. Nilipochungulia baadaye kidogo hakuwepo. Nikajiambia kwamba Kitengela ina majirani wengi.

Asubuhi wale wawili walikuja jikoni na mabegi yao. Msichana hakuwa mcheshi tena.

"Sisi tunaenda. Na si kwa ubaya, lakini mngetuambia kama shosho atakuwa analala mlangoni mwetu."

"Shosho gani?"

"Yule wa jana. Tumeamka kukipambazuka, yuko ndani, amekaa sakafuni, ameegemea mlango. Nikapiga nduru. Akasema, 'Laleni, watoto wangu. Mimi nitakaa hapa mlangoni, kuna baridi.' Halafu..." Akamtazama mpenzi wake.

"Halafu mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani," mpenzi wake akamalizia. "Wewe niambie alitoka wapi."

Nilicheka, lakini kicheko kilikuwa kimekauka. Nikaenda kwenye kile chumba. Mlango mzima, dirisha lina nondo. Sakafuni, pale mlangoni, kulikuwa na zile nyasi, zimelazwa vizuri kama mtu aliyetandika. Zilikuwa bado na umande. Msichana alinitumia picha aliyopiga getini. Yuko mbwa aliyelala. Niko mimi, mdomo wazi, nacheka. Ninayemcheka hayumo.

Unaweza kunipa maelezo. Nimeshajipa yote: mwanga, simu mbovu, wapenzi waliokunywa. Siku njema naamini mawili kati ya hayo. Lakini niondolee picha ile, niondolee mzimu na chumba, bado nabaki mimi nikimcheka mtu mwenye nyasi mkononi. Hilo halihitaji shahidi.

Nilizichukua nyasi nikazipeleka kwa Koko. Alikuwa kwenye kiti chake, karibu na dirisha linalotazama nyuma, asikoweza kuona geti. Alizigusa, akazinusa. Akauliza nimezitoa wapi, nami nikamweleza yote isipokuwa kicheko.

"Alikwambia jina?"

"Alisema hawalitaji tena."

Koko akafumba macho. Kisha akanisimulia kitu ambacho hata mama yangu hakuwahi kusikia. Alipokuwa msichana aliyeolewa juzi, ukame ulimaliza ng'ombe wao wote, na mumewe akaenda kutafuta kazi asirudi upesi. Alitembea na mama yangu mgongoni, ameshika nyasi kavu, na kila boma lilimfungia kwa sababu kila boma lilikuwa na njaa. Hapa, mahali hapa, palikuwa na kibanda cha mwanamke mmoja, na ndani kitanda kimoja tu cha ngozi. Mwanamke yule aliwalaza pale, yeye akalala mlangoni azuie upepo. "Laleni," alisema, "kuna baridi." Miaka ilipopita Koko aliporudi kumshukuru, alikuta ameshatangulia. Ndipo akaomba kujenga hapa.

"Kile chumba ni chake," Koko alisema. "Wale wageni wote wa njiani, nilikuwa nawalaza tu kwa sababu yeye bado hajafika."

Nje, bembea ililia. Nilitaka anitukane. Aliuliza swali moja tu.

"Alionekana amechoka?"

Ningeweza kudanganya. "Ndiyo, Koko."

Akaitikia kwa kichwa, akaziweka nyasi mapajani mwake.

Anko Parsaloi alikuja Jumatatu, akaona nyumba ilivyojaa, akasema, "Basi, digrii imefanya kazi," na habari za ploti zikaisha. Nilishinda. Gesti inajaa hadi leo. Kile chumba nimekitoa kwenye simu, nimekitandika, geti halifungwi hadi watu wote walale. Amekuja mchungaji wa mbuzi aliyepotea njia, amekuja mama aliyefukuzwa na mumewe, na mzungu mmoja mzee wa begi mgongoni aliyelia alipoona mgunga. Yule mwanamke wa nyasi hajarudi.

Koko yuko hai. Jioni naenda kwake, nainamisha kichwa. Anakigusa, kwa upendo uleule. Nangoja. Mkono unaondoka, na paji la uso wangu linabaki kavu.

Wewe usiamini mizimu, ni haki yako. Hata mimi bado sijaamua. Lakini akija mtu kwako jioni, amechoka, usianze na jina lake. Mfungulie kwanza.