Wimbo Ambao Katekista Hakuutunga

Kwaya ya Pétronille pale Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, haimziki mtu bila wimbo mmoja, na wote wanajua ulitungwa na marehemu baba yake, katekista Lucien wa Bukavu. Aliyewaambia ni Pétronille mwenyewe, tena kwa kujivuna, wala si kidogo. Jina la baba lilikuwa limeshaandikwa katika kitabu cha nyimbo cha kwaya, kilichokuwa kichapwe wiki iliyofuata.

Kazi ya Pétronille ni kutunza wazee katika nyumba moja ya Ixelles, humo humo Brussels. Mmoja wao ni Ferdinand Zauner, Mwaustria wa miaka tisini na miwili, aliyetunga nyimbo zaidi ya mia tatu za kuchangamsha baa za Vienna. Redio zilimpenda, kisha zikamsahau. Alimfuata mkewe Brussels, akamzika huku, akabaki na kinanda na ulimi mkali. Supu ya pale anaiita maji ya kuoshea vyombo. Pétronille anampendea ukorofi huo.

Asubuhi moja, akimtandikia kitanda, aliusikia wimbo wa baba yake kwenye kinanda. Foronya ikamdondoka.

"Papa Zauner, nani alikufundisha huo?"

"Anifundishe nani? Niliutunga nikiwa kijana. Wa kuagana, baa ikifungwa."

Pétronille akamkumbuka padri mmoja Mwaustria wa Bukavu, aliyekuwa akimpigia baba yake nyimbo za kwao kwa kodiani. Kumbe baba alitia maneno tu! Na kusema kweli, hakuwahi kudai zaidi. Waliodai ni wanawe.

Mwadi, mwenzake wa kwaya, alipohadithiwa alicheka hadi machozi. "Bon, maman Pétro, acha tu vile. Nani atajua?"

"Miye, minajua."

Ilimuuma kumpunguzia sifa marehemu asiyeweza kujitetea. Lakini Jumapili, baada ya misa, alichukua kalamu akasahihisha ukurasa wa kitabu: sauti ni ya Zauner, maneno ni ya Lucien. Kisha akaenda kulia chooni.

Kesho yake alimwonyesha mzee ukurasa ule, akamweleza ni watu wangapi wa Bukavu na Matonge waliosindikizwa kaburini kwa wimbo wake. Zauner, mwenye neno kwa kila jambo, safari hii aligeukia kinanda. Akaanza kuupiga taratibu, Pétronille akaimba kwa Kiswahili.

"Maneno yanasemaje?"

"Tangulia, tutakukuta nyumbani."

"Yangu yalisema, maliza glasi, tukuvushe barabara." Mzee akafunika kinanda. "Siku yangu ikifika, Pétronille, niimbie ya baba yako."